Moshi Mweupe, Moshi Mweusi: Jicho Linaona Nini Juu ya Dohani?

Utangulizi

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Muhuta, aliniletea kazi ya tafsiri kutoka Kifaransa. Matini ilihusu kiwanda cha karatasi, na palikuwa na neno "vapeur". Yeye akaandika: "Kiwanda hicho hutoa moshi mweupe mchana kutwa." Nilimkata alama moja. Kesho yake alibisha hodi ofisini, akaamkia kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, kwetu Gitaza mama akichemsha mawese, kila kitu cheupe kinachopanda juu tunakiita moshi. Kosa langu liko wapi?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba "vapeur" ni mvuke. Hata hivyo, alipoondoka niliona kwamba jibu langu lilikuwa la kamusi tu. Je, mimi mwenyewe nikisimama chini ya dohani ningeweza kutofautisha moshi na mvuke? Na je, rangi na uzito wa kile kinachotoka juu hutuambia kiasi gani cha uchafu kinachoingia hewani? Nililazimika kuwauliza wenzetu wa kitivo cha sayansi na kusoma. Lengo la makala haya ni kumpa msomaji nilichokipata, kwa kuwa mwalimu na mfasiri wa Kiswahili atakutana na matini za namna hii mara nyingi, na neno moja likikosewa huweza kumfanya mwanakijiji aogope kisichodhuru na akapuuza kinachodhuru.

Moshi, mvuke, masizi na majivu

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili. Tuna moshi, mvuke, masizi, majivu, vumbi na ukungu. Moshi ni ndugu wa "umwotsi" wa Kirundi, na wanafunzi wetu hawana taabu nalo. Taabu iko katika mpaka wake. Katika mazungumzo ya kila siku, neno moshi hubeba karibu kila kitu kinachopanda kutoka motoni. Mtaalamu anapoandika, hana budi kuyagawa mambo hayo mawili.

Moshi ni hewa ya moto iliyobeba chembechembe: masizi ambayo hayakuungua, majivu mepesi, matone ya lami ya kuni, chumvi. Mvuke ni maji. Aidha, mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Tazama birika linalochemka: karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi ndogo tupu, na weupe huanza mbele kidogo. Katika nafasi ile tupu ndipo ulipo mvuke halisi. Weupe tunaouona ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa, na matone hayo yakisambaa katika hewa kavu hukauka na kutoweka. Msomaji na aikumbuke nafasi hii tupu, kwa maana tutaihitaji hapo mbele.

Rangi nazo zina mambo yake. Vivumishi vya rangi vilivyo vya asili na vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumezitaja kwa vitu: kijivu kutokana na jivu, samawati kutokana na mbingu. Kwa hiyo msemaji wa kawaida akiulizwa moshi una rangi gani, atasema mweupe au mweusi, na moshi mwembamba wa kijivu au wa samawati hutaukuta katika jibu lake. Kama tutakavyoona, huo uliosahauliwa ndio mara nyingi wenye madhara.

Kiwanda cha rojo la karatasi

Mwambao wetu wa ziwa hauna kiwanda cha kutengeneza rojo la karatasi kutokana na miti. Mifano iliyo karibu nasi katika Afrika Mashariki ni miwili. Wa kwanza ni Webuye, magharibi mwa Kenya, kando ya mto Nzoia. Kampuni ya Pan African Paper Mills iliundwa mwaka 1969 na kiwanda kikaanza kuzalisha mwaka 1974, serikali ya Kenya ikishirikiana na kampuni ya Orient Paper Mills ya India na shirika la fedha la IFC. Kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikachukuliwa na kundi la makampuni la Rai. Mfano wa pili ni Mgololo, katika wilaya ya Mufindi nchini Tanzania, ambako kiwanda cha Southern Paper Mills kilianza kazi mwaka 1985 kikitegemea misonobari ya msitu wa Sao Hill. Kiwanda hicho kilibinafsishwa na kuitwa Mufindi Paper Mills.

Njia iliyoenea zaidi duniani ya kupata rojo inaitwa krafti, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu, kwa sababu karatasi yake ni imara. Iligunduliwa na mkemia Carl Dahl huko Danzig mwaka 1879. Vipande vya mti hupikwa katika chombo kilichofungwa pamoja na maji yenye magadi makali na sulfidi ya sodiamu, kwa joto la nyuzi 170 hivi. Gundi inayoshikamanisha nyuzi za mti huyeyuka, nyuzi hubaki, nazo ndizo rojo. Kinachobaki ni maji mazito meusi, ambayo hapa nitayaita mchuzi mweusi.

Mchuzi huo haumwagwi. Hupunguzwa maji hata ukawa mzito kama asali, kisha hunyunyizwa ndani ya tanuri kubwa na kuchomwa. Sehemu iliyotoka kwenye mti huungua na kutoa joto la kuendeshea kiwanda, na dawa za kupikia hurudi chini zikiwa zimeyeyuka, tayari kutumiwa tena. Hapa ndipo panapoanza habari ya moshi.

Dohani tatu, sura tatu

Kiwanda cha krafti huwa na dohani zaidi ya moja, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni ya tanuri la mchuzi mweusi. Ndani ya moto ule mkali, sehemu ya sodiamu hugeuka kuwa hewa, na inapopoa huungana na salfa na kuwa vumbi laini la chumvi. Chembe zake nyingi hazifiki mikroni moja. (Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi.) Vumbi hili ni jeupe. Ili lisitoroke, moshi hupitishwa katika kichujio cha umeme, ambamo chembe hupewa chaji na kuvutwa kwenye mabamba ya chuma. Kichujio kizuri hukamata zaidi ya asilimia 99, na chumvi iliyokamatwa hurudishwa kwenye mchuzi, kwa hiyo mwenye kiwanda naye hufaidika.

Ya pili ni ya tanuri la chokaa. Humo chokaa huchomwa ili itumike tena katika kutengeneza dawa ya kupikia. Moshi wake hubeba vumbi la chokaa, na katika viwanda vingi husafishwa kwa kunyunyiziwa maji. Moshi ulioogeshwa hivyo hutoka umejaa unyevu, na juu ya dohani huonekana wingu kubwa jeupe.

Ya tatu ni ya boila linalochoma magome na takataka za mbao. Hapa ndipo penye majivu na masizi. Kuni zikiwa kavu na hewa ikitosha, kinachotoka ni chepesi cha kijivu. Hewa ikipungua au magome yakiwa mabichi, moshi huwa wa hudhurungi au mweusi.

Sasa msomaji aone tatizo. Dohani ya kwanza ikiwa na kichujio kilichoharibika hutoa weupe. Dohani ya pili ikifanya kazi vizuri hutoa weupe pia. Weupe wa kwanza ni chumvi inayoingia mapafuni, na wa pili kwa sehemu kubwa ni maji. Mwanafunzi wangu angeziita zote mbili moshi mweupe, na jirani wa kiwanda naye hivyo hivyo.

Namna ya kuupambanua mvuke

Dalili ziko tatu. Kwanza, tazama mdomo wa dohani. Mara nyingi weupe wa maji huanza mbali kidogo, ukiacha nafasi tupu kama ile ya birika, ingawa ikiwa moshi umejaa maji sana huanza papo hapo. Pili, tazama mwisho wake. Weupe wa maji hukatika ghafla, kama kitambaa kilichopasuliwa, kwa maana matone yamekauka. Weupe wa chembechembe haukatiki. Hufifia polepole na kuacha utando unaosafiri na upepo. Tatu, angalia hali ya hewa. Asubuhi ya baridi na unyevu, mvuke hurefuka sana. Mchana wa jua kavu hufupika. Huko Mufindi, nchi ya baridi na ukungu, wingu la asubuhi laweza kuwa refu mara nyingi kuliko la saa nane mchana, na hali kiwanda hakijabadilisha chochote. Chembechembe hazibadiliki hivyo.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua uchafu, asiuangalie ule weupe mnene wa katikati. Ikiwa wingu limeanza mbali, atazame kwenye ile nafasi tupu karibu na mdomo. Ikiwa limeanza mdomoni, atazame mbele ya pale mvuke unapoishia. Kinachobaki hapo, hata kikiwa chembamba, ndicho moshi.

Kwa nini jicho hudanganyika

Je, moshi ukiwa mzito machoni, ina maana kwamba una chembechembe nyingi kwa uzani? Jibu ni: si lazima. Sababu ni hizi zifuatazo.

(a) Ukubwa wa chembe. Chukua chembe moja yenye upana wa mikroni 10, uivunje kuwa chembe za nusu mikroni. Utapata chembe 8,000. Uzani ni uleule, lakini eneo linalokinga mwanga limekuwa mara 20. Zaidi ya hayo, chembe zinazokaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga, yaani kati ya sehemu ya kumi ya mikroni na mikroni moja, ndizo hodari zaidi wa kuutawanya mwanga. Kwa hiyo kilo moja ya chumvi laini itaziba anga kuliko kilo moja ya majivu ya chengachenga. Boila la magome laweza kumwaga majivu mazito yanayoangukia nguo zilizoanikwa, na bado dohani yake ikaonekana safi kuliko nyingine.

(b) Upana wa dohani. Moshi uleule ukitoka katika dohani pana huonekana mzito zaidi, kwa kuwa mwanga unapita katika unene mkubwa. Ikiwa dohani moja inazuia asilimia 20 ya mwanga, yenye upana maradufu na moshi uleule itazuia asilimia 36. Haifiki 40, kwa sababu nusu ya pili inazuia sehemu ya ule mwanga uliosalia tu.

(c) Jua na mandhari. Moshi mweupe ukiwa kati yako na jua hung'aa na kuonekana mzito. Jua likiwa mgongoni pako huonekana mwepesi. Watu wa mwambao wanalijua jambo hili bila kulitaja: jioni, tukitazama ziwani kuelekea milima ya Kongo, kila moshi wa ufukweni huonekana kama ukuta. Aidha, moshi mweupe hupotea mbele ya wingu jeupe na huonekana wazi mbele ya kilima cheusi. Moshi mweusi ni kinyume chake.

(d) Kisichoonekana kabisa. Harufu ya viwanda vya krafti, ile ya mayai na kabichi zilizooza, hutokana na gesi za salfa ambazo hazina rangi, na pua huzinusa hata zikiwa kidogo mno. Kichujio cha umeme hakizizuii. Wakazi wa Webuye walilalamika kwa miaka mingi kuhusu harufu na kuhusu mabati ya nyumba kuliwa na kutu upesi. Mtu aliyetazama rangi ya moshi peke yake asingeweza kuyaeleza malalamiko hayo.

Kulifunza jicho

Pamoja na udhaifu huo, wataalamu hawakulitupa jicho. Mwaka 1888 Maximilien Ringelmann, profesa wa uhandisi wa kilimo huko Paris, alitengeneza kadi zenye mistari myeusi iliyopitana juu ya karatasi nyeupe. Ukizitazama kwa mbali, mistari huchanganyika na kuwa kijivu. Kadi namba 1 ina weusi wa asilimia 20, namba 2 asilimia 40, hadi namba 5 ambayo ni nyeusi kabisa. Mkaguzi alilinganisha moshi na kadi. Njia hiyo ilifaa moshi mweusi wa makaa ya mawe. Kwa moshi mweupe haikufaa kitu.

Ndipo wataalamu wakaacha kuuliza moshi ni mweusi kiasi gani, wakauliza unaziba kiasi gani cha kilicho nyuma yake. Nchini Marekani mkaguzi husimama jua likiwa mgongoni, hutazama mara moja kila baada ya sekunde 15, huandika makadirio 24, kisha hutafuta wastani wa dakika hizo sita. Kabla ya kuaminiwa hujaribiwa kwa moshi mweupe 25 na mweusi 25, na wastani wa makosa yake katika kila rangi usizidi asilimia 7.5. Jaribio hurudiwa kila miezi sita, kwa maana jicho husahau.

Hata hivyo, makadirio hayo hayatoi uzani wa chembechembe. Ili kupata uzani ni lazima kuingiza bomba ndani ya dohani, kuvuta moshi kupitia karatasi ya kuchujia na kuipima. Katika dohani moja ambayo mafuta yake na chombo chake cha kusafishia havibadilikabadiliki, vipimo vya namna hiyo vikifanywa mara kadhaa, uhusiano kati ya uzito wa machoni na uzani wa mizani huweza kupatikana. Uhusiano huo hauhamishiki kwenye dohani nyingine. Faida kubwa ya jicho ni kugundua mabadiliko: dohani iliyokuwa safi jana, leo ikiacha utando mweupe usiokatika, inakuambia kichujio kina kasoro.

Turudi Muhuta

Kati ya Gitaza na Rumonge, kando ya barabara ya RN3, mitambo midogo ya mawese ni mingi. Matunda ya mchikichi huchemshwa katika mapipa, hukamuliwa, na mafuta huchemshwa tena. Moto ni wa kuni pamoja na nyuzi na maganda ya chikichi. Hapo pana dohani mbili bila dohani: mdomo wa pipa na mdomo wa meko.

Weupe unaotoka katika pipa ni mvuke. Unaunguza mkono, lakini hauachi chochote kifuani. Weupe unaotoka mekoni ni kitu kingine. Kuni mbichi haziungui vizuri. Hufuka, na mafuta na lami yake hupanda kama matone madogo sana. Machoni ni meupe, na yakisambaa mbele ya kilima huonekana samawati, kwa sababu chembe ndogo hutawanya zaidi mwanga wa samawati. Huwasha macho, hupaka dari na hukaa ndani ya nguo. Mvuke haufanyi hayo. Nyuzi za chikichi zilizolowa mafuta zikitupwa motoni kwa wingi bila hewa, hutoa masizi meusi. Watu hukimbia meusi, wakabaki wameketi katika samawati.

Chembe zisizozidi mikroni 2.5 hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Mwanga wa anga hauonyeshi kabisa uchafu wa kiwango hicho. Moshi unapoonekana mekoni, umekwisha kupita kiwango hicho mbali sana.

Nilipomweleza mwanafunzi wangu mambo haya, alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Basi, Mwalimu, mama hadhuriwi na pipa. Anadhuriwa na mafiga." Mama yake amekuwa akichemsha mawese tangu yeye hajazaliwa, na kikohozi hakimtoki. Nyumbani walikuwa wamemshauri akae mbali na pipa linapofunuliwa, naye alikuwa akisogea upande wa meko. Ushauri ulitokana na upendo, ila ulikuwa umejengwa juu ya neno moja lililobeba vitu viwili.

Hitimisho

Wahenga walisema: pafukapo moshi, pana moto. Sisi tuongeze kwamba si kila kinachofuka ni moshi. Sura ya kinachotoka juu ya dohani ni ushahidi, lakini ni ushahidi unaohitaji kuhojiwa: kinaanzia wapi, kinaishia wapi, jua liko upande gani, na kinaacha nini nyuma yake. Ile alama moja sikumrudishia mwanafunzi, kwani "vapeur" bado ni mvuke. Ila safari hii nilimwandikia sababu pembeni.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Tazama meko au tanuru la matofali lililo karibu nawe asubuhi, na tena saa nane mchana. Eleza kwa aya moja ulichokiona, ukitumia maneno moshi, mvuke, masizi na majivu, kila moja mahali pake.

2. Tafsiri kwa Kiswahili sentensi za Kifaransa zenye maneno "fumée", "vapeur", "suie" na "cendre" utakazozipata gazetini. Eleza ni wapi ulishawishika kuandika moshi, na kwa nini uliandika au hukuandika.

3. Waulize wazee wa kwenu wanaiitaje rangi ya moshi wa kuni mbichi. Lete neno hilo darasani.